Mlango wa Kabati la Shangazi Somoe

Likombe, Mtwara
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Zuhura,

Ni kioja baba kumwandikia barua mtoto anayekaa naye nyumba moja. Hivi sasa umekwenda kuwaaga wenzako. Sanduku lako limekwisha kufungwa kamba, na mimi nimekaa bandani, karatasi zimetandazwa juu ya meza ya kazi. Salamu sikupi, maana jioni utanisalimu mwenyewe. Habari za sabuni, za mablanketi, za kutokunywa maji ovyo njiani, shangazi yako amekwisha kukuambia, na anazijua kuliko mimi.

Juzi uliniuliza swali nikalikwepa. Uliniuliza kwa nini shangazi Somoe amehamia kwa mke wa mwalimu, tena wakati huu wa kukuaga. Ukasema, "Baba, mmegombana kwa sababu yangu? Ni habari ya chuo?" Nikakuambia nipishe, gundi inakauka. Hapakuwa na gundi. Jana nikakuita nikuambie, ukaja ukasimama mbele yangu, nikakuuliza kama viatu vinakutosha. Kwa mdomo nimeshindwa. Ndiyo maana naandika, na barua hii utaisoma leo kabla hujalala, usiende nayo njiani bila kuisoma. Hatukugombana kwa sababu yako. Wewe huna neno lolote katika jambo hili, ila moja nitakalokuomba mwishoni.

Unajua kwamba shangazi yako aliachwa na mumewe. Unajua pia kwa nini, kwa sababu watu wa mtaa walikuambia tangu ukiwa mdogo: aliacha kabati la sumu wazi, mtoto wake akanywa, akafa. Uliwahi kuniuliza kama ni kweli. Nilikujibu, "Mambo ya Mungu hayo." Leo nakujibu sawasawa.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nawe ulikuwa hujaanza shule. Somoe alikuwa ameolewa kijiji cha Ziwani na Bakari, mtu wa mikorosho na mihogo, mpole, mwenye maneno machache. Watoto wao wawili wa kwanza hawakumaliza mwaka. Wa tatu ndiye aliyeishi, Siwema. Sijui kama unamkumbuka. Alikuwa na miaka minne. Akija hapa mlikuwa mkilala jamvi moja, na jina lako lilimshinda, akikuita Zuwa.

Somoe alikuwa akipika sabuni ya mafuta ya nazi, akiiuza kijijini. Kazi hiyo inataka soda kali, ile inayounguza mpaka mti. Ukishaiyeyusha majini unaiacha ipoe hadi kesho yake, na ikishapoa huwezi kuitofautisha na maji ya kunywa. Basi siku moja alinijia hapa bandani, amemshika Siwema mkono.

"Kaka, nitengenezee kabati," akasema. "Lisiwe zuri, sitaki uzuri. Liwe na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Huyu siku hizi anapanda mpaka juu ya kinu."

"Nikimaliza kazi ya bwana wa Shangani."

"Huyo bwana ana watoto?"

"Hana."

"Basi anaweza kungoja," akasema, akacheka.

Hakungoja. Yule alikuwa mtu wa serikali, amehamishwa kutoka bara, na alikuwa ametaka kabati la vyombo lenye milango minne. Nilikuwa na mbao za mninga nilizozipanga chini ya mabati kiangazi kizima, nimeziwekea vijiti katikati ili upepo upite. Zilikuwa zimekauka vizuri, ukizigonga zinalia. Zingetosha kazi zote mbili kama ningempunguzia yule bwana mapambo. Sikumpunguzia. Nilitaka wageni wake waulize nani aliyelitengeneza. Mbao zote kavu zikaenda kwake.

Za Somoe nilichukua zile zilizoletwa na wapasuaji wa upande wa Kilambo, wiki mbili tu tangu zipasuliwe. Zilikuwa nzito, ukizipiga randa maranda yanatoka na unyevu, yanashikana mkononi. Fundi yeyote anajua mbao ya namna hiyo itafanya nini. Itanywea, na ikinywea itajipinda. Nilijua, Zuhura. Sikukosea kwa kutojua. Nilijiambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: ni dada yangu, hatanilaumu.

Sanduku la kabati mtu yeyote anaweza kulipiga misumari. Kazi iko kwenye milango. Milango miwili inayokutana katikati inataka fremu iwe sawa pembe zote nne, bawaba zikae mstari mmoja, na ulimi wa kitasa ukitoka kwenye mlango huu uingie kwenye tundu la mlango wa pili. Siku niliyomaliza ilikuwa masika, kila kitu kimevimba, na milango ile ilifunga vizuri mno. Uwazi wa kati haukupitisha hata ukucha. Somoe alizungusha ufunguo mara tatu akifurahi. Alifunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake, na tangu siku hiyo haukutoka pale.

Mvua zikaisha. Mwezi wa saba au wa nane, mama yako alirudi kutoka Ziwani akanipa salamu. "Wifi anasema mlango wa kabati unacheza. Ukiufunga na ukautikisa, unatikisika. Anaomba upite uutazame."

Nikasema nitapita Ijumaa. Ijumaa ile ikapita, na nyingine mbili. Ziwani si mbali. Nilikuwa na baiskeli. Sina sababu ya kukupa, na kama ningekuwa nayo nisingeitoa.

Siku ya tukio mtu alikuja mbio kutoka Ziwani akasema Siwema anatapika damu. Nilipofika nilikuta wamekwisha kumpakia kwenye lori la korosho kwenda hospitali, Bakari na Somoe wamo ndani. Majirani walinieleza. Somoe alikuwa amemimina soda iliyopoa kwenye kopo, akaliweka kabatini, akafunga, akaenda kisimani. Mtoto alirudi kutoka kucheza, ana kiu. Aliukuta mlango wazi, au aliuvuta ukafunguka. Kopo lilikuwa rafu ya chini.

Nilibaki peke yangu ndani ya nyumba ile. Nilijiambia nimebaki niwachukulie nguo. Nikaenda kwenye kabati. Mlango wa kulia ulikuwa umejipinda kama jani kavu, umetoka nje kwa juu, na uwazi wa katikati uliingia kidole changu. Nilikuwa na ufunguo wa pili, fundi hukaa nao. Nikaufunga mlango, nikazungusha. Kitasa kililia kama kilivyopaswa kulia. Ulimi ukatoka. Haukugusa kitu. Uliishia hewani, upana wa punje ya mchele kabla ya tundu. Nikavuta kwa kidole kimoja, mlango ukaja.

Somoe alikuwa amefunga. Alizungusha ufunguo, akasikia mlio, akaamini. Kitu alichokiamini nilikitengeneza mimi.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya hapo, maana kosa la mbao mbichi ni kosa la uvivu na majivuno, na pengine Mungu ana mahali pa kuliweka. Hili la pili ndilo lililonila.

Mfuko wangu wa kazi ulikuwa kwenye baiskeli. Niliutoa. Nililegeza bawaba za juu, nikachonga kipande chembamba cha mti nikakisukuma nyuma yake, mlango ukasogea ukarudi mahali pake. Nikachonga kipande kingine chenye tundu, nikakibandika ukingoni mwa mlango wa pili, tundu la kitasa likasogelea ulimi. Kisha nikachukua majivu ya jikoni na mafuta kidogo, nikapaka palipochongwa pasionekane papya. Hiyo ni kazi niliyoijua vizuri. Tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi nilikuwa hodari wa kuficha. Kiungo kikiacha mwanya nilichanganya unga wa mbao na gundi nikajaza, vanishi ikipita juu hata mwalimu wangu haoni. Mikono ilifanya yenyewe. Mtoto wa dada yangu alikuwa njiani anakufa, na mimi mikono yangu haikutetemeka.

Nilizungusha ufunguo. Nikavuta. Haukuja. Nikachukua nguo, nikaenda hospitali.

Madaktari walijitahidi. Siwema alikaa siku mbili. Hakuweza kulia kwa sauti, na hilo sitakueleza zaidi. Tukamzika Ziwani, nyuma ya mikorosho ya babu yake.

Siku ya tatu ya msiba wazee walikaa. Bakari akainuka. Mbele ya wote akasema, "Nataka kujua jambo moja tu. Alifunga, au hakufunga?"

Somoe akasema, "Nilifunga. Ufunguo huu hapa."

"Kama ulifunga, mtoto alifunguaje?"

"Mlango unacheza. Nilimtumia kaka salamu kwamba mlango unacheza." Akanigeukia. "Si ulizipata salamu, kaka?"

Ujue kwamba kwetu sisi watu wa huku mjomba wa mtoto ndiye mwenye neno. Mimi ndiye niliyekuwa mjomba wa Siwema, na mimi ndiye niliyekaa upande wa Somoe katika ndoa ile, mtu wa kumsemea. Tena mimi ndiye fundi. Ningesema neno lolote, wangelipokea.

Nikasema, "Salamu hazikunifika."

Mama yako alikuwa amekaa na wanawake, mlango wa uani. Alisikia. Sikumtazama.

Mzee mmoja akasema, "Fundi, hebu twende tuutazame." Tukaingia, Bakari mbele. Nikaufunga mlango, nikazungusha ufunguo wa Somoe mwenyewe, nikamwambia Bakari, "Vuta." Akavuta. Akavuta kwa mikono yote miwili mpaka kabati zima likasogea. Mlango haukufunguka.

"Kitasa kizima," nikasema. "Kinafunga."

Shangazi yako alikuwa nyuma yetu. Alisogea akauvuta yeye mwenyewe, mara moja, polepole. Kisha akautazama mkono wake. Sijasahau namna alivyoutazama ule mkono, kama si wake. Akasema taratibu, hakumwambia mtu, "Basi sikufunga."

Baada ya arobaini Bakari alimpa talaka. Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema hawezi kumtazama. Nikaenda kumchukua na baiskeli yangu, vitu vyake vichache nyuma, yeye anatembea kando, na njia nzima ananishukuru kwa kumpokea.

Umeishi naye miaka kumi na miwili. Unajua anavyozunguka nyumba jioni akishika kila komeo, akifika mwisho anarudi kuanza upya. Wewe na wenzako mlikuwa mkimwigiza na kucheka, na mimi nilikuwa nikiwakemea kwa ukali ambao hamkuuelewa. Unajua hagusi sabuni ya maji wala hapendi kushikishwa funguo. Ulipougua surua alikataa kukupa dawa kwa mkono wake, akamwita mama yako kutoka shambani aje akunyweshe. Ulidhani ni tabia. Si tabia. Ni mimi.

Kuhusu mama yako, nimekuwa nikikuambia tuliishi kwa amani. Tuliishi kimya. Usiku wa siku ile ya wazee aliniambia mara moja, "Salamu nilikupa mimi." Nikamwambia kabati limekwisha kutazamwa na watu, tukianza upya ni aibu kwa ukoo mzima. Akasema, "Mwambie dada yako, au nitamwambia mimi." Hakumwambia. Nilimwomba, nikamtisha, nikamwambia Somoe atajinyonga akijua, naye akaniamini. Mwaka wa tatu akaugua. Siku zake za mwisho alikuwa akihudumiwa na Somoe, akioshwa naye, na kila Somoe alipoinama mama yako aligeuza uso ukutani. Shangazi yako alidhani ni maumivu.

Alipofariki, ni Somoe aliyekulea. Kila nilipotaka kusema, nilikuona wewe umelala mapajani pake, nikajiambia nikisema ataondoka, na mtoto atabaki na nani? Kwa hiyo nilikutumia hata wewe kama kipande cha kujazia mwanya. Kwa hili nakuomba radhi peke yake, mbali na mengine yote.

Mwezi uliopita Bakari akafa. Unakumbuka shangazi alivyovaa akaenda Ziwani kwenye msiba. Hakukuambia yaliyomkuta. Dada zake Bakari walimzuia mlangoni. Mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyemmaliza mtoto. Asiingie." Alirudi kwa miguu, akakaa pale uani akaanza kumenya mhogo. Nikamuuliza imekuwaje. Akaniambia, kisha akasema, "Wana haki."

Wana haki. Alisema hivyo, na kisu kinaendelea kumenya. Nilikaa siku nne na maneno hayo. Siku ya tano nikamwambia yote, pale pale uani, wewe ukiwa umekwenda kupimwa afya kwa ajili ya chuo.

Hakupiga kelele. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Siku ile ulipomwambia Bakari avute, ulikuwa umekwisha kuutengeneza?"

"Ndiyo."

"Nilizungusha ufunguo. Nilisikia mlio. Nilikuwa nausikia kila siku, mpaka leo nausikia, nikawa najiambia ni shetani ananidanganya. Nilidhani nina wazimu, kaka. Miaka yote hii."

Akainuka akasimama mbele yangu.

"Kwa nini hukusema Bakari akiwa hai?" akauliza. "Mwaka jana tu alikuwa hai. Mwezi juzi alikuwa hai. Amekwenda kaburini akinijua mimi ni muuaji wa mwanawe." Akanawa mikono. Akachukua mkeka wake na nguo zake. "Nitangoja kwa mke wa mwalimu mpaka Zuhura aondoke. Sitaki aondoke na kelele za watu wazima. Baada ya hapo nakwenda shambani, kwenye kiunga cha marehemu mama. Usinifuate, wala usinitumie kitu."

Nilidhani limebaki jambo moja ninaloweza kulifanya. Ijumaa iliyopita nilikwenda Ziwani, baada ya sala nikaomba ruhusa ya kusema, nikasimama nikasema mbele ya watu wote, kama nilivyokuandikia hapa. Mbao, salamu, vipande vya mti, majivu. Kaka yake Bakari, ambaye sasa ni mzee sana, akainuka kwa fimbo yake.

"Siku ile ulisimama mbele yetu ukasema, tukakuamini," akasema. "Leo umesimama tena. Tukuamini ya lini?"

Mwingine akasema kwamba nimetumwa, kwamba dada yangu anataka kusafishiwa jina, na mwenye kabati amekufa, na kabati lenyewe walikwisha kulichoma kuni. Watu wakavaa viatu wakaondoka. Wachache waliniamini, niliwaona machoni. Hao walinitazama vibaya zaidi.

Ndivyo lilivyoishia, mwanangu. Nilikuwa nikidhani ukweli unakaa mahali unakungoja, siku ukiwa tayari unaenda kuuchukua. Haukungoja. Ule ambao ungembakisha Somoe kwa mumewe ulikuwa wa siku moja, pengine wa saa moja, pale Bakari aliposhika mlango kwa mikono miwili. Niliokwenda nao Ijumaa ulikuwa maneno ya mzee tu.

Unakwenda kusomea uuguzi. Utashika dawa na sindano, na iko siku utakosea, kwa sababu umechoka au kwa sababu umempendelea mgonjwa mmoja ukamsahau mwingine. Sikuambii usikose. Nakuambia kwamba siku hiyo utaona kuna kitu kidogo cha kufanya, chembamba kama ukucha, na kila kitu kitaonekana sawa. Mikono yako itakijua. Una mikono yangu, nimeona unavyoshona. Ikifika hapo, mwite mtu. Mwite mtu yeyote, hata kabla hujafikiri utamwambia nini.

Sikuombi unisamehe. Ukisoma hii leo na kesho usitake kunitazama, utakuwa na sababu, nami sitakufuata jikoni kukuuliza.

Kesho sitakuja kituo cha basi. Shangazi yako atakuwapo, na amesema hawezi kusimama mahali nilipo. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekulea, na haki ya kukuaga ni yake. Barua utakazomwandikia yeye usizitume kwangu nimsomee kama nilivyozoea kumsomea za wengine. Zipitishe kwa mke wa mwalimu. Mimi ukiniandikia nitashukuru, usiponiandikia nitajua uko hai kwa kuwasikia wao.

Sasa ombi lenyewe. Kabla hujapanda basi, mshike mkono shangazi Somoe, umwambie kwamba alifunga. Mwambie, "Shangazi, ulifunga." Usiongeze kitu. Mimi nimekwisha kumwambia, lakini kutoka kwangu haikumfikia. Huenda kutoka kwako ikamfikia.

Nenda salama, Mungu akuongoze huko uendako.

Ni mimi, baba yako